Kuchukua damu kwenye mirija ya mashine: mlango wa mpira, koki ya njia tatu au vali?

Mrija unaotaka kuchukulia damu unavuta au unasukuma? Jibu hilo kwanza, bei ya kifaa baadaye, kwa sababu kifaa kisicho na neno baada ya pampu kinaweza kumwingizia mgonjwa hewa kikiwekwa kabla yake. Kwenye mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, kipande cha mrija kati ya mgonjwa na pampu kina shinikizo hasi, na usomaji wa −100 hadi −200 mmHg hapo ni wa kila siku. Damu ikishapita pampu shinikizo linageuka kuwa chanya. Mrija unaorudi kwa mgonjwa mara nyingi husoma kati ya 100 na 200 mmHg, na kabla ya kichujio huwa juu zaidi. Upande unaovuta, uwazi wowote hunyonya hewa. Upande unaosukuma, uwazi huohuo humwaga damu sakafuni au kuirusha machoni mwa aliye karibu.

Vifaa vinavyoshindana hasa ni vitatu. Kishikio cha tyubu za ombwe (tyubu za maabara zinazovuta damu zenyewe) tumekitenga, kwa kuwa huchomekwa juu ya hivyo vitatu wala hakichukui nafasi yao.

Mlango wa mpira

Huu huja umeshaunganishwa kwenye seti nyingi za mirija ya kusafisha damu. Ni kizibo kidogo cha mpira unaojiziba, kilichowekwa kwenye mrija mwekundu (unaotoa damu kwa mgonjwa) karibu na mgonjwa, na mara nyingi kingine kwenye mrija wa buluu (unaoirudisha). Sindano inapenya, damu inavutwa, sindano ikitoka mpira unajibana. Hakuna mkono wa kusahaulika ukiwa wazi. Tena hakuna kona inayotunza damu iliyosimama: ncha ya sindano inafika kwenye mkondo wenyewe, kwa hiyo damu ya kutupa kabla ya sampuli ni karibu hakuna. Kwa kipimo ambacho matone machache ya salini (maji ya chumvi) yanatosha kukiharibu, hiyo ni faida kubwa kuliko inavyosifiwa.

Ubaya wake ni sindano yenyewe. Ajali moja ya kuchomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU huambukiza takriban watu 3 kati ya 1000. Homa ya ini C ni kuanzia 2 kati ya 1000 hadi karibu 2 kati ya 100, kutegemea utafiti, na homa ya ini B inaweza kufika 30 kati ya 100 kwa asiyechanjwa. Kitengo cha kusafisha damu kinachukua sampuli nyingi kwa mwezi. Hesabu hiyo haiwezi kupuuzwa.

Namna ya kuutumia:

1. Sugua uso wa mpira kwa alkoholi ya asilimia 70 kwa sekunde 15, kisha uache ukauke. Alkoholi mbichi inayoingia na sindano hupasua chembe nyekundu.
2. Tumia sindano ya geji 20 au 21, fupi. Sindano nene hukata kipande cha mpira, na kipande hicho huziba sindano au kwenda na mkondo.
3. Shika mlango kwa pembeni. Kidole kisikae nyuma ya mrija kwenye mstari wa sindano, maana sindano ndefu hupita hadi ukuta wa pili na kutokea kwenye kidole.
4. Ingiza wima, vuta polepole kwa sirinji ya mililita 5 au 10. Sirinji ya 20 ikivutwa kwa nguvu huleta damu iliyopasuka.
5. Upande unaovuta, shikilia pistoni ya sirinji hadi sindano itoke kabisa. Ukiiachia, mrija utainyonya ndani na kurudisha sampuli ilikotoka.

Kosa baya kuliko yote kwa mlango huu ni kutenganisha sirinji na kuacha sindano ikiwa bado imechoma mpira upande unaovuta. Sindano tupu hapo ni bomba la hewa. Ukihitaji sirinji mbili, choma mara mbili, na mara ya pili sogea kidogo kutoka tundu la kwanza, kwa sababu mpira uliochomwa mahali pamoja tena na tena huanza kuvuja.

Kuna aina yenye mpasuko uliokatwa tayari, inayopokea ncha butu ya plastiki. Inaondoa hatari ya kuchomwa bila kuongeza sehemu zinazosogea, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa kitengo cha figo kinachotaka kuacha sindano bila kubadili kila kitu. Sharti ni moja: isichomwe kwa sindano kali. Mpasuko ukichanika haujibani tena.

Koki ya njia tatu

Koki ni nafuu, inajulikana na kila muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, na inaruhusu kuchukua sampuli, kuingiza dawa na kupima shinikizo mahali pamoja. Lakini hakuna kifaa kwenye orodha hii kinachotegemea kumbukumbu ya mtu kama hiki.

Mkono wake ndio chanzo cha kwanza cha makosa. Kwenye koki nyingi, mkono mrefu unaelekea upande uliofungwa. Kwenye nyingine, mikono inaelekea pande zilizo wazi. Kitengo kinachonunua aina zote mbili kinaomba ajali. Nunua moja, uitupe nyingine.

Chanzo cha pili ni kifuniko. Koki hufika kwenye pakiti ikiwa na kifuniko chenye tundu dogo, ambacho kazi yake ni kupitisha gesi ya kuua vijidudu kiwandani. Kifuniko hicho hakizuii hewa wala damu. Kabla ya kuanza mzunguko lazima kibadilishwe na kifuniko kizima. Upande unaosukuma, kosa hilo hujionyesha mara moja kwa tone la damu. Upande unaovuta halionekani: viputo vidogo vinaingia kimyakimya, na kitu cha kwanza kuonekana ni povu kwenye chemba au kengele ya hewa.

Halafu kuna damu iliyosimama. Mdomo wa pembeni wa koki hubeba sehemu ndogo ya mililita, lakini kikiongezwa kipande cha mrija mwembamba wa kurefusha, ujazo hufika mililita 1 au zaidi. Damu hiyo, au salini hiyo, si ya sasa. Kanuni inayotumika ni kutoa angalau mara 3 ya ujazo uliosimama kabla ya sampuli, na kwa vipimo vya kuganda kwa damu mara 6, au mililita 5 kwa mtu mzima. Mililita 5 mara 4 kwa siku ni 20 kwa siku, 200 kwa siku 10. Kwa mtoto mchanga wa kilo 3, mwenye damu ya mililita 250 hivi mwilini, kutupa mililita 5 mara moja tu ni asilimia 2 ya damu yake yote. Ndiyo maana penye watoto hutumika koki mbili zilizofuatana: ya mbali inavuta damu ya kusafishia njia kwenye sirinji safi, ya karibu inatoa sampuli, kisha damu ya kwanza inarudishwa. Irudishwe ndani ya dakika chache na bila mabonge, la sivyo imwagwe.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji: plastiki ngumu ya koki nyingi hupasuka nyufa ndogo ikikazwa kupita kiasi na kulowa alkoholi au dawa zenye mafuta. Ufa hauonekani mpaka damu ianze kukauka kuzunguka shingo ya koki. Kaza kwa vidole. Usikaze kwa koleo.

Vali isiyo na sindano

Hii ni kifuniko chenye diski au kizibo laini kinachosukumwa ndani na mdomo wa sirinji, kisha kujifunga sirinji inapotoka. Inaondoa sindano, na inaondoa pia mdomo wazi wa koki. Kwa usalama wa mikono ya mhudumu na kwa maambukizi, ikisuguliwa vizuri, ni bora kuliko koki tupu.

Tatizo lake ni kilichomo ndani. Kwenye vali za mitambo kuna chemchemi, njia nyembamba na pembe ambazo mkondo wa mrija hauzifikii. Damu ikikaa humo inaganda, na bonge hilo litasukumwa ndani na sirinji inayofuata. Kila baada ya sampuli, pitisha mililita chache za salini hadi ionekane safi. Ikibaki nyekundu, badilisha vali. Salini hiyo nayo ndiyo itakayochafua sampuli ijayo, kwa hiyo kanuni ya kutoa mara 3 inarudi palepale.

Vali za mpasuko, zile ambazo uso wake ni mpira bapa na ndani mnaonekana, ni rahisi kusafisha na kukagua kuliko za mitambo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kwa ajili ya kuchukulia damu, chukua hizo. Na usomaji wa lebo hapa si hiari: vali nyingi zilitengenezwa kwa drip ya mkononi, na kiwango cha shinikizo zinachohimili huandikwa kwenye pakiti. Isiyoandikwa kiwango haina kazi kwenye mrija wa pampu.

Kishikio cha tyubu za ombwe: pale fizikia inapoharibu kipimo

Kishikio cha plastiki chenye mdomo wa luer (ungio la kawaida la sirinji) hukaa juu ya vali au koki, na tyubu inajazwa moja kwa moja. Damu haimwagiki wala haihamishwi kwa sindano. Tatizo ni kwamba ombwe la tyubu limepimwa likitarajia mshipa wenye shinikizo karibu na la hewa ya kawaida. Mrija unaovuta kwa −150 mmHg unashindana na tyubu.

Chukua tyubu ya sitrati (dawa inayozuia damu kuganda) ya mililita 2.7 ambayo ikijaa inabakiza mililita 1.5 za nafasi juu. Ikijazwa kwenye mrija wa −150, itaacha kuvuta mapema: hewa iliyobaki itachukua karibu mililita 1.87 badala ya 1.5, na damu itapungua kwa takriban 0.37. Hiyo ni pungufu ya asilimia 14, wakati maabara nyingi hukataa tyubu iliyopungua zaidi ya asilimia 10. Uwiano wa damu 9 kwa sitrati 1 umevunjika, na muda wa kuganda utasomeka mrefu kuliko ulivyo. Upande wa pili wa pampu mambo yanageuka: tyubu inajaa kupita kiasi, na damu inarushwa ndani kwa kasi inayopasua chembe.

Kwa hiyo punguza pampu kwanza, au tumia sirinji kisha uhamishe damu kwa kishikio maalumu cha kuhamishia, tyubu ikivuta yenyewe. Kusukuma pistoni ili tyubu ijae haraka ni njia ya uhakika ya kupata potasiamu ya uongo. Mpangilio wa tyubu ubaki uleule: chupa za kuotesha vijidudu, sitrati, tyubu za seramu, heparini, EDTA (zote mbili huzuia damu kuganda), mwisho floridi. EDTA ikitangulia, mabaki yake hupandisha potasiamu na kushusha kalsiamu.

| | Mlango wa mpira | Koki ya njia tatu | Vali |
|---|---|---|---|
| Upande unaovuta | Unafaa, sirinji isitenganishwe | Epuka ukiweza | Kwa tahadhari, lebo isomwe |
| Upande unaosukuma | Unafaa | Inafaa | Inafaa |
| Damu ya kutupa | Karibu hakuna | Mara 3 hadi 6 ya ujazo uliosimama | Mara 3 |
| Hatari kwa mhudumu | Kuchomwa, isipokuwa wa ncha butu | Damu kurushwa | Ndogo |
| Kosa linalojirudia | Kukata mpira | Mkono au kifuniko kusahaulika | Damu kuganda ndani |

Mzunguko upi, kifaa kipi

Kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo: mlango wa mpira, ikiwezekana wa ncha butu. Sampuli ya kabla ya kuanza haihitaji kifaa chochote cha mrijani. Ichukuliwe kwenye sindano ya fistula (mshipa wa mkono ulioungwa kwa upasuaji) kabla haijaguswa na salini wala heparini. Kwenye katheta, toa kwanza dawa iliyofungiwa ndani, kisha vuta mililita 10 kabla ya sampuli yenyewe.

Sampuli ya mwisho ndiyo inayoharibiwa zaidi, na hapo kifaa hakina lawama. Pampu ikiwa kwenye kasi kamili, sehemu ya damu iliyokwisha kusafishwa inaweza kurudi kwenye sindano ya kuvutia. Ukichukua hapo unapima damu safi: urea inasomeka chini, matibabu yanaonekana yametosha, na mgonjwa anaendelea kusafishwa pungufu kwa miezi. Punguza utoaji wa maji hadi kiwango cha chini kabisa, zima mtiririko wa dialiseti (maji ya kusafishia damu), shusha pampu hadi mililita 100 kwa dakika na usubiri sekunde 15. Katika sekunde hizo zimepita mililita 25, zinazotosha kusukuma damu ya zamani kupita mlango, mradi mlango uko karibu na mgonjwa. Kisha chukua kwenye mlango wa mrija mwekundu. Kasi hiyo ndogo pia inaleta shinikizo karibu na sifuri, kwa hiyo hata tyubu ya ombwe inajaa inavyotakiwa. Njia nyingine ni kuzima dialiseti kwa dakika 3 huku pampu ikiendelea. Baada ya hapo mrija mwekundu na wa buluu hutoa jibu moja.

Usafishaji wa mfululizo kwa mahututi, unaotumia sitrati: hapa mahali ni muhimu kuliko kifaa. Kalsiamu huru baada ya kichujio hulengwa kati ya 0.25 na 0.35 mmol/L, ilhali ya mgonjwa hulengwa karibu 1.0 hadi 1.2. Tyubu mbili zikibadilishana majina, mtu atampa kalsiamu nyingi mgonjwa asiyeihitaji. Milango iwe na rangi tofauti, na ya mgonjwa ichukuliwe kwenye mshipa wake wa ateri. Seti nyingi huingiza sitrati mwanzoni kabisa mwa mrija wa kuvutia, kwa hiyo mlango unaodhaniwa ni "wa mgonjwa" huwa tayari una sitrati.

ECMO (mashine inayotia damu oksijeni nje ya mwili kwa mahututi): upande kati ya mgonjwa na pampu uwe na maungio machache iwezekanavyo, na koki hapo tunaipinga moja kwa moja. Pampu inayosukuma damu kwa kuizungusha na kuirusha nje kutoka katikati ikimeza hewa ya kutosha huacha kusukuma. Sampuli zichukuliwe baada ya pampu, kabla na baada ya membreni (utando unaotia damu oksijeni), kwenye koki yenye mrija mfupi na vali mwishoni. Ya baada ya membreni inaeleza hali ya membreni tu. Hali ya mgonjwa itafutwe kwenye ateri yake, na kwa mzunguko unaorudisha damu kwenye ateri, mkono wa kulia ndio unaoonyesha damu inayoelekea kwenye ubongo. Toa kiputo kwenye sirinji mara moja. Kiputo kinavuta oksijeni ya sampuli kuelekea 150 mmHg, juu au chini, kutegemea ilikoanzia.

Mashine ya moyo na mapafu: safu ya koki tatu kwenye ubao mmoja, ikilishwa na mrija mwembamba kutoka upande wa ateri na kurudi kwenye tangi la vena. Damu inapita muda wote, kwa hiyo sampuli ni ya sasa bila kutupa kitu, na hakuna kifaa kingine kinachofikia hapo. Mambo mawili yakumbukwe. Kinachopita kwenye safu hakimfikii mgonjwa, basi kama kipima mtiririko kiko kabla ya mchepuko huo wa mrija mwembamba, kinaonyesha zaidi ya anachopata. Na pampu ikisimama mchepuko ufungwe, au uwe na vali ya njia moja, la sivyo damu itarudi nyuma kutoka upande wa ateri. Muda wa kuganda, ambao wengi huutaka upite sekunde 480, usipimwe kutoka mrija ulioguswa na heparini ya kusafishia.

Majibu yanapotia shaka

Potasiamu juu pamoja na LDH na AST (vimeng'enya vilivyomo ndani ya chembe), seramu ikiwa ya waridi: chembe zimepasuka. Tafuta sindano nyembamba, sirinji kubwa au tyubu iliyosukumwa. Potasiamu juu na kalsiamu chini sana, seramu ikiwa safi: EDTA. Karibu kila kitu kimeshuka kwa uwiano mmoja, huku kloridi ikipanda: salini iliyosimama kwenye koki au vali haikutolewa. Muda wa kuganda umerefuka peke yake: heparini ya njiani au tyubu ya sitrati isiyojaa.

Kabla ya kununua kwa wingi, hakikisha mdomo wa luer unafuata ISO 80369-7 na ni wa kukaza kwa kuzungusha, na mpira hauna lateksi. Kisha jaribu bila mgonjwa: jaza seti salini, weka kifaa kabla ya pampu, bana kiasi mrija wa kuvutia hadi kipimo kisome −200 mmHg, na tazama kwa taa kwa dakika 5. Ingiza na utoe sirinji mara kumi huku pampu ikizunguka. Viputo vikionekana hata mara moja, kifaa hicho kisiwekwe kabla ya pampu, hata kiwe rahisi kiasi gani.